Historia ya 2,147,483,647

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mfululizo hadi zitimie mbili 31, kisha kutoa 1. Kwa ufupi huandikwa 2³¹ − 1. Ni namba tasa, maana haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1772, na kwa miongo karibu minane iliyofuata hapakuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyojulikana kwa uhakika. Siku hizi namba hiyohiyo imo ndani ya kompyuta na simu, ikiwa ndiyo mwisho wa kuhesabu kwa programu nyingi. Umaarufu wake wa kwanza na huu wa pili havikutoka mahali pamoja.

Chanzo cha umaarufu wa kwanza ni namba kamilifu. Namba huitwa kamilifu pale vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinapojumlishwa na kuirudisha namba ileile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Katika kitabu cha 9 cha *Elementi*, kilichoandikwa kama miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alionyesha njia ya kuzitengeneza: ikiwa 2ⁿ − 1 ni tasa, basi ukiizidisha kwa 2ⁿ⁻¹ utapata namba kamilifu. Kwa hiyo 3 huzaa 6, 7 huzaa 28, 31 huzaa 496 na 127 huzaa 8,128. Tangu hapo kutafuta namba kamilifu kukawa sawasawa na kutafuta namba tasa za umbo hilo moja.

Nicomachus wa Gerasa, aliyeishi kama karne nne baadaye, alizijua hizo nne tu. Kwa kuwa ya kwanza ina tarakimu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu na ya nne nne, akaona kwamba mpangilio huo utaendelea hivyo daima, na kwamba tarakimu za mwisho zitakuwa zikipokezana 6 na 8. Wengi walimfuata kwa zaidi ya miaka elfu bila kukagua. Namba kamilifu ya tano, 33,550,336, ina tarakimu nane, na ya sita, 8,589,869,056, inaishia na 6 kama iliyoitangulia. Dhana zote mbili zilikuwa za kubahatisha.

Katika nchi za Kiislamu kazi hii ilifanywa kwa uangalifu zaidi. Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, alijaribu kuonyesha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima iwe na umbo la Euclid, lakini hakufika mwisho wa uthibitisho. Ibn Fallus (1194–1239) aliacha orodha ya namba kumi alizozihesabu kuwa kamilifu, na saba za kwanza ni sahihi, zikiwemo ya tano, ya sita na ya saba ambazo Ulaya ingezipata karne kadhaa baadaye. Ya nane ndiyo inayotengenezwa na 2³¹ − 1, na hiyo hakuna aliyeifikia.

Ugumu ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, si kila n inafaa. Kama n si tasa, 2ⁿ − 1 nayo haiwezi kuwa tasa: 15 ni 3 × 5, na kwa sababu hiyo 2¹⁵ − 1, yaani 32,767, inagawanyika kwa 2³ − 1 na kwa 2⁵ − 1. Pili, hata n ikiwa tasa hakuna dhamana. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Ililazimu kila kipeo kipimwe peke yake, na kipimo pekee kilichojulikana kilikuwa kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba inayopimwa. Kama hakuna kigawo kilichojitokeza hadi hapo, hakipo, kwa sababu kila kigawo kikubwa kuliko kipeuo hicho huenda sambamba na kimoja kidogo kuliko kipeuo hicho.

Pietro Cataldi, mwalimu wa hesabu huko Bologna, aliifuata njia hiyo kwa uvumilivu wote. Alitengeneza jedwali la namba tasa hadi 750, na kwa jedwali hilo akathibitisha kwamba 131,071 (2¹⁷ − 1) na 524,287 (2¹⁹ − 1) ni tasa. Kipeuo cha pili cha namba ya pili ni 724 na ushei, kwa hiyo jedwali lilimtosha, japo kwa shida. Matokeo aliyachapisha mwaka 1603, na hapo ndipo alipovuka mipaka ya ushahidi wake: alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kipeuo cha pili cha 2³¹ − 1 ni 46,340 na kitu. Hadi hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700, na jedwali la Cataldi lilikuwa na sehemu ndogo tu ya hizo.

Madai hayo yalianza kuanguka mwaka 1640. Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse aliyefanya hesabu kama burudani yake, aligundua kwamba ikiwa p ni tasa na si 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 hubakiza 1 kinapogawanywa kwa 2p. Kanuni hiyo fupi iliondoa sehemu kubwa ya kazi. Kwa kipeo 37 vigawo vya kujaribu ni vile tu vinavyozidi kigawe cha 74 kwa 1: cha kwanza kilicho tasa ni 149, cha pili ni 223, na 223 kinagawanya bila baki. Kwa kipeo 23 kigawo ni 47, ambacho ni 46 kuongeza 1, na kilipatikana kwa jaribio la kwanza. Karibu karne moja baadaye Leonhard Euler alionyesha kwamba 2²⁹ − 1 inagawanyika kwa 233. Kati ya madai manne ya Cataldi, matatu yalikuwa yameanguka, na lililobaki ni la kipeo 31.

Katikati ya habari hii yumo mtawa Marin Mersenne wa Paris, ambaye namba za umbo 2ᵖ − 1 zimepewa jina lake. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo, kwa maneno yake, vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza alivyoipata. Ilichukua miaka mia tatu kuikagua yote, na ikaonekana ina makosa matano: 67 na 257 hazistahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zimeachwa. Kumwita mtu mwenye makosa matano baba wa namba hizi ni ukarimu mkubwa, lakini Mersenne alikuwa akiandikiana barua na wanahisabati wengi wa zama zake, na maswali yalisambaa kupitia kwake. Kuhusu 31 alisema kweli.

Uthibitisho ulitoka Petersburg. Mwaka 1772 Euler alikuwa na miaka 65 na alikuwa karibu kipofu kabisa. Matokeo aliyatangaza katika barua kwa Bernoulli, mmoja wa ukoo mashuhuri wa wanahisabati wa Basel, na njia aliyoipita inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna akili nyingi kuliko jasho.

Tuseme q ni kigawo tasa cha 2³¹ − 1. Kwa kanuni ya Fermat, q ikigawanywa kwa 62 hubakiza 1. Hilo peke yake linaacha namba zaidi ya 700 za kuchunguza. Euler akaongeza sharti la pili. Kwa kuwa q inagawanya 2³¹ − 1, namba 2³¹ hubakiza 1 ikigawanywa kwa q, na 2³² hubakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Maana yake, kwa upande wa mabaki ya q, 2 yenyewe ni mraba, na hali hiyo hutokea tu kwa namba tasa zinazobakiza 1 au 7 zinapogawanywa kwa 8. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, q haina budi kuwa na umbo 248k + 1 au 248k + 63.

Chini ya 46,341 namba za maumbo hayo, ukiiacha 63 yenyewe, ni 372. Nyingi kati yake si tasa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, na hakuna haja ya kuzijaribu. Zinazosalia ni themanini na kitu. Ya kwanza ni 311, na ukigawanya 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki ni 35. Inayofuata ni 1,303, na baki ni 226. Kisha 1,489, na kuendelea hadi juu. Kila mara baki lilikuwepo. Kazi ambayo kwa njia ya Cataldi ingehitaji kugawanya mara elfu kadhaa ilimalizika kwa kugawanya mara zisizofika mia, na namba ya Cataldi ikathibitika kuwa tasa miaka 169 baada ya kudaiwa.

Namba kamilifu inayotokana nayo ni 2,305,843,008,139,952,128, yenye tarakimu 19. Euler pia alikamilisha lile lililomshinda Ibn al-Haytham, kwamba hakuna namba kamilifu iliyo shufwa nje ya umbo la Euclid. Uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1849, miaka 66 baada ya kifo chake. Kama ipo namba kamilifu iliyo witiri, hadi leo hakuna aliyeiona wala aliyeonyesha kwamba haiwezekani.

Mwaka 1811 Peter Barlow, aliyefundisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich nchini Uingereza, alitoa kitabu cha nadharia ya namba, na alipoifikia namba hiyo ya tarakimu 19 akasema kwamba kuna uwezekano mkubwa itabaki kuwa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazopatikana. Sababu yake haikuwa ya kihesabu. Aliona namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, kwa hiyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow hakuwa mjinga. Jedwali lake la miraba na vipeuo lilitumika kwa zaidi ya karne nzima. Alikosea kuhusu binadamu kabla ya kukosea kuhusu namba.

Watu walijisumbua. Katika miaka ya 1850 na 1860 Thomas Clausen na Fortuné Landry walichambua vigawo vya namba kubwa na kupata tasa zenye tarakimu 13 na 14, na 2³¹ − 1 ikapoteza nafasi yake ya juu. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaacha kabisa kugawanya. Mtihani aliouvumbua, ambao D. H. Lehmer aliurahisisha katika miaka ya 1930, unaanza na 4. Kila hatua unazidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, unatoa 2, na ikizidi namba inayopimwa unabaki na baki lake tu. Kwa kipeo 31 mfuatano ni 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, na kutoka hapo mabaki huanza kuchukua nafasi. Baada ya hatua 29 jibu likiwa sifuri, namba ni tasa. Ni sifuri. Kwa njia yake Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, na hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuthibitishwa bila mashine. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliuandika mtihani huo kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa SWAC huko Los Angeles na kupata namba tano mpya katika mwaka mmoja. Kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ina tarakimu 41,024,320.

Wengine walivutwa na ngazi. Kipeo 5 hutoa 31, na kipeo 31 hutoa 2,147,483,647, zote tasa. Je, 2,147,483,647 nayo ikiwekwa kuwa kipeo? Namba inayopatikana ina tarakimu 646,456,993, haiwezekani hata kuipima kwa mtihani wa Lucas kwa zana za kawaida. Lakini kanuni ya Fermat bado inatumika: vigawo vyake lazima vizidi kigawe cha mara mbili ya 2,147,483,647 kwa 1. Kwa kupitia vigawe hivyo ilipatikana 295,257,526,626,031, ambayo inaigawanya bila baki. Ngazi inakatika hapo.

Umaarufu wa pili ulianza bila namba hii kutafutwa na yeyote. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Namba 2³¹ − 1 ikiandikwa hivyo ni moja 31 zilizojipanga bila sifuri. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza mashine za System/360 zilizohifadhi namba katika nafasi 32, na mpango huo ukaenea. Biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647.

Kwamba kikomo hicho ni namba tasa ni bahati tu. Wahandisi huongeza ukubwa wa nafasi kwa kuuzidisha kwa mbili: 8, 16, 32, 64. Vikomo vyake ni 127, 32,767, 2,147,483,647 na 9,223,372,036,854,775,807. Cha pili na cha nne si tasa, na vyote viwili vinagawanyika kwa 7. Cha kwanza ni kidogo mno kuwa na manufaa makubwa. Ni cha tatu pekee kilichokuwa kikubwa vya kutosha, kikatoshea kwenye mashine, na kikawa tasa.

Bahati hiyo ilipata kazi haraka. Watafiti wanaoiga kwa kompyuta mambo ya kubahatisha, kama foleni au mgawanyiko wa chembe, wanahitaji namba zinazoonekana hazina mpangilio. Lehmer, yuleyule wa mtihani, alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba uchukue namba yoyote, uizidishe kwa namba maalumu, uigawanye kwa nyingine maalumu na kubaki na baki, kisha urudie. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walichapisha muundo wa njia hiyo kwa ajili ya System/360: zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647. Uteuzi wa 16,807 haukuwa wa kubahatisha. Ni 7⁵, na mfuatano unaotokana nayo hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja tu kabla ya kujirudia. Ili hilo lifanye kazi lazima kigawanyaji kiwe tasa, na lazima kipeo, ambacho hapa ni 5, kisishirikiane kigawo chochote zaidi ya 1 na 2,147,483,646. Namba hiyo ya mwisho ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, 5 haimo. Mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza njia hii kuwa kiwango cha chini ambacho programu yoyote haipaswi kushuka chini yake. Viwango vimepanda tangu wakati huo, na kwa kazi nyeti kama siri za benki haifai kabisa, lakini bado imo katika maktaba rasmi ya lugha ya C++. Sifa aliyoitafuta Euler, na ambayo Barlow aliiona haina faida, ndiyo inayoiendesha.

Kama kikomo, namba hii hujulikana zaidi kwa matatizo. Programu ikifika 2,147,483,647 na kuongeza 1, kwa kawaida matokeo huruka hadi −2,147,483,648. Mfumo unaohifadhi fedha kwa senti katika biti 32 hauwezi kupita shilingi 21,474,836.47, kiasi ambacho mfanyabiashara wa kawaida wa Kariakoo anaweza kukivuka. Desemba 2014 video ya *Gangnam Style* ya msanii Psy wa Korea Kusini ilikipita kikomo hicho kwa idadi ya watazamaji, na YouTube ikatangaza kuwa imehamia biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa zikiachwa zikiwaka siku 248 mfululizo mitambo ya kudhibiti jenereta zake ingeweza kujizima. Siku 248 na nusu ni 2,147,483,647 za sehemu za mia za sekunde. Kwamba 248 ndiyo pia iliyomo katika kanuni ya Euler ni sadfa tupu.

Kikomo kinachotajwa zaidi bado hakijafika. Mfumo wa Unix, ambao kanuni zake zimo katika seva na simu nyingi duniani, huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia usiku wa manane wa kuamkia Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Zikihifadhiwa katika biti 32, sekunde hizo zitatimia 2,147,483,647 Jumanne ya Januari 19, 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde moja baadaye, saa za mashine ambazo hazijarekebishwa zitasoma Desemba 13, 1901. Marekebisho yamekuwa yakifanywa kwa miaka mingi kwa kuhamia biti 64. Toleo la 5.6 la Linux, la mwaka 2020, liliwezesha hata mashine za biti 32 kuhesabu wakati kwa nafasi 64, na kikomo chao kipya kiko mbali kwa miaka bilioni 292. Zilizo hatarini ni kompyuta ndogo zilizofungwa ndani ya mitambo, mita na vifaa vya viwandani, ambazo programu zake hazibadilishwi tangu siku ziliponunuliwa.